Waambie Wapige Hodi Kwanza



Kabla hujaendelea kusoma, fungua barua pepe yako. Ndiyo, ile uliyofungua ukimaliza Form Four ili upate akaunti ya eCitizen. Hesabu barua ishirini za juu. Ngapi zimetoka kwa mtu unayemjua? Ngapi ni za kitu ulichoomba mwenyewe? Na ngapi ni za kamari, mkopo wa dakika tano, viatu vya ofa, kozi ya Kanada na "hongera, umechaguliwa"?

Najua jibu lako, kwa sababu langu ni hilo hilo.

Wengi wetu tunafuta tu na maisha yanaendelea. Tunaona ni kama vumbi la Jogoo Road: lipo, utafanya nini? Leo nataka tukubaliane kwamba hili si vumbi. Kuna mtu analileta mlangoni kwako, analipwa kulileta, na sheria ya Kenya inamwambia hana ruhusa. Kinachokosekana ni wewe kusema.

Kuna kijana tunayeswali naye hapa Makadara. Ana diploma, na ametafuta kazi miaka miwili. Kila wiki alikuwa anaingia saiba, anatuma CV zake, anarudi Jericho kungoja. Mwaka jana akaitwa intaviu. Barua iliingia Jumatatu, intaviu ilikuwa Jumatano saa mbili asubuhi. Yeye aliiona Ijumaa, baada ya swala, akiwa amekaa nje ya msikiti anafuta takataka kwenye simu. Ilikuwa imebanwa katikati ya barua mbili za kampuni ya kamari ambayo hajawahi kubeti nayo hata siku moja. Alinionyesha tu ile simu. Hakusema kitu, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Utasema, angekuwa anaangalia barua zake kila siku. Sawa. Lakini alikuwa anapokea zaidi ya arobaini kwa siku, na anaishi kwa bundles za shilingi ishirini. Mtu wa namna hiyo ndiye anayelipia matangazo ya watu wengine. Analipa kwa bundles, kwa muda, na safari hii alilipa kwa kazi.

Sasa tuongee kuhusu hodi.

Sisi tumelelewa na hodi. Hata mlango ukiwa wazi, hata ukisikia sauti za watu ndani, unasimama nje unabisha. Suratun Nur imetufundisha adabu hiyo: usiingie nyumba ya mwenzako mpaka uombe ruhusa na uwasalimu wenyewe, na ukiambiwa rudi, rudi bila kinyongo. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba ruhusa huombwa mara tatu, usipojibiwa, ondoka. Mtoto wa madrasa anaijua adabu hii. Kampuni kubwa yenye mawakili na maafisa wa masoko haiijui?

Barua pepe yako ni nyumba. Namba yako ya simu ni nyumba. Mambo ya mama yako yamo humo, majibu ya hospitali yamo humo, riziki yako inapitia humo. Anayeingia bila hodi amevuka mpaka, hata kama amekuja na ofa.

Mchezo wenyewe ni wa zamani kuliko wewe na mimi. Tarehe 3 Mei 1978, mtu wa masoko wa kampuni moja ya kompyuta ya Marekani, Gary Thuerk, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET, uliokuja kuzaa intaneti. Watu walikasirika, akakemewa. Lakini mwenyewe amesema kompyuta ziliuzwa. Hapo ndipo siri ilipo: kutuma kwa watu 400 au kwa watu milioni moja ni karibu gharama ile ile. Akipata mteja mmoja kati ya maelfu, amefaidi. Wale maelfu wengine wanabeba hasara, kila mmoja kidogo kidogo, na kwa sababu ni kidogo hakuna anayelalamika.

Na siku hizi barua hizo zina macho. Nyingi hubeba kapicha kadogo kasikoonekana. Ukifungua barua na simu yako ikapakua kale kapicha, mtumaji anajua umefungua na saa ngapi. Kwa hiyo hata kusoma kwa udadisi ni jibu. Unamwambia: "Niko hapa, endelea."

Nchi zilipoamua kutunga sheria, zilienda njia mbili. Marekani ilipitisha yake mwaka 2003, inaitwa CAN-SPAM. Kwa ufupi inasema: tuma, lakini usidanganye wewe ni nani, usidanganye kwenye kichwa cha barua, weka anwani yako ya kweli na njia ya mtu kujitoa. Yaani ingia kwanza, ukifukuzwa ndiyo utoke. Ulaya ilikuwa imechagua njia nyingine mwaka 2002: kwa kawaida, omba ridhaa kwanza ndipo utume.

Kenya imesimama wapi? Hapa ndipo vijana wengi wanashangaa nikiwaambia. Kenya ilichagua hodi.

Anza na Katiba ya 2010, kifungu cha 31. Kinakupa haki ya faragha: habari za familia yako na mambo yako binafsi zisitakiwe au kufichuliwa bila sababu, na mawasiliano yako yasiingiliwe. Mwaka huo huo wa 2010, kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano zikasema barua pepe zisitumiwe kwa matangazo ya biashara isipokuwa kwa mtu aliyekubali kabla.

Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyotiwa saini tarehe 8 Novemba mwaka huo. Kifungu cha 37 kinamkataza mtu kutumia data yako kwa biashara mpaka akuombe ridhaa na umpe waziwazi, au awe ameruhusiwa na sheria nyingine na wewe ukaarifiwa wakati data inachukuliwa. Kifungu cha 32 kinasema mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikubali ni wake. Soma hapo tena. Si kazi yako kuthibitisha kwamba hukukubali. Yeye ndiye atoe ushahidi kwamba ulisema ndiyo. Na hata kama ulisema ndiyo mwaka juzi, una haki ya kubadilisha mawazo leo.

Kanuni za 2021 zikaingia ndani zaidi. Anayetaka kukutumia matangazo lazima awe amepata data kutoka kwako, awe amekuambia kwamba matangazo ni sehemu ya matumizi, uwe umekubali, akupe njia rahisi ya kujitoa, na uwe hujajitoa. Yote matano. Si moja, si mawili. Na ile njia ya kujitoa iwe inaonekana, ieleweke, na isikugharimu kitu cha maana.

Sasa jiulize: data yako waliitoa wapi?

Tembea nami hapa mtaani. Unaingia jengo la ofisi, soja anakupa kitabu: jina, kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Kitabu kiko wazi mezani, kila anayefuata anasoma walioandika kabla yake. Unanunua simu, unajaza kadi ya bahati nasibu. Unajiunga na wifi ya bure, wanataka barua pepe. Unapakua programu ya mkopo, inaomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizohifadhi, na wewe unabonyeza "kubali" kwa sababu kodi inangojewa. Hapo hujajitoa wewe peke yako. Umemtoa mama, umemtoa ustadh, umemtoa fundi wa maji, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Na usidhani orodha hizi zinaishia kwenye matangazo. Mwezi Juni 2021 Wakenya wengi waliangalia kwenye eCitizen wakakuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Jina na namba ya kitambulisho vikishatoka mkononi mwako, hujui vitalala wapi.

Sisi Waislamu tuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Sheria ya 2019 inahesabu imani ya mtu kuwa data nyeti, iko pamoja na afya yake na kabila lake. Orodha ya watu wa msikiti fulani, wazazi wa madrasa fulani, waliojiandikisha kwa safari ya Umra: hiyo si orodha ya kawaida. Inasema mtu anaabudu nini na wapi. Jamii yetu inajua uzito wa jina kuingia kwenye orodha ambayo hujui nani anaisoma. Na kanuni za 2021, zinaporuhusu matangazo kwa masharti, zinaacha data nyeti nje ya ruhusa hiyo.

Kisha angalia wanachotuuzia. Kamari na riba. Kijana anajitahidi kuacha kubeti, amefuta programu, amemuomba Allah amsaidie. Saa nne usiku simu inalia: "Tumekuwekea shilingi hamsini bure, rudi ucheze." Huyo hakubishiwa hodi. Huyo amevutwa shati akiwa njiani kutoka. Mwisho wa Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Tuliona ni jambo jema. Lakini siku 30 huisha. Haki yako ya kukataa haiishi, ukiitumia.

Je, sheria hii inauma kweli au ni karatasi tu?

Inauma, mahali fulani. Desemba 2022 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, wengi wanaiita ODPC, iliipiga Oppo Kenya faini ya shilingi milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu kwenye mtandao wa kijamii bila ridhaa yake. Septemba 2023 ikafuata zamu ya Mulla Pride, wenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash: shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba walizopata kwa watu wengine, kisha kuwatumia watu hao meseji na simu za vitisho. Wakati huo huo klabu ya Casa Vera ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa, na shule ya Roma kule Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Ofisi hiyo pia imewahi kuamuru walalamikaji walipwe fidia.

Tazama walichoshiriki hao wote: kuna mtu alilalamika. ODPC haina jicho ndani ya simu yako. Kesi nyingi huanza pale mtu wa kawaida, kama wewe, anaposema "mimi sikukubali".

Lakini tuwe wakweli, sheria ina mapengo, na sisi kama watu wa haki za raia tuyaseme.

Kwanza, faini ya juu ambayo Kamishna anaweza kutoza ni milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Ile ndogo! Kwa kampuni inayoingiza mabilioni, milioni 5 ni bajeti ya matangazo ya wikendi moja. Pili, zile kanuni za 2021 zinasema anayetumia data kwa biashara bila ridhaa anaweza kupigwa faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Faini ya elfu ishirini inamuumiza mwenye kibanda pale Burma. Haimuumizi mwenye jumba la ghorofa ishirini. Tatu, mengi yanangoja malalamiko, na wanaoonewa zaidi ndio wasiojua pa kulalamikia. Bunge liinue ile faini, na ofisi ikague wauzaji wa orodha kabla mtu hajalia.

Kuna jambo la nne, na hili ni onyo. Tusije tukaomba sheria kali kwa hasira tukajifunga wenyewe. Jirani zetu Uganda walirekebisha sheria yao ya kompyuta mwaka 2022, wakafanya "habari zisizoombwa" kuwa kosa la jinai, kwenye sheria ile ile iliyobana maneno ya watu mtandaoni. Wanaharakati na mawakili wakakimbilia mahakamani. Na walikuwa na sababu. Maana ukisema kutuma ujumbe usioombwa ni kosa, nukta, basi anayesambaza habari ya kijana aliyetoweka naye ana kosa. Anayewaita watu kwenye maandamano ya amani ana kosa. Sheria nzuri humlenga mfanyabiashara anayetumia data yako kupata faida bila ridhaa yako. Haimlengi raia anayesema. Tukidai, tudai hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Sasa niwaulize kitu ambacho hatupendi kuulizwa. Sisi wenyewe tunapiga hodi?

Ile karatasi ya futari ya Ramadhani, tuliyoandikia majina na namba za watu, iko wapi sasa? Yule ndugu aliyechukua namba zote za kundi la darsa akaanza kuwauzia watu manukato na safari, tulimwambia nini? Ukimuingiza mtu kwenye kundi la WhatsApp la mchango bila kumuuliza, nia yako ni njema, lakini mlango umeuvuka. Hatuwezi kumnyooshea kidole mwenye kamari huku orodha ya msikiti inazunguka kama karatasi ya kufungia mandazi. Kamati ziamue: tunachukua data gani, kwa kazi gani, nani anaitunza, na lini inachanwa. Tukitaka kuwatumia watu matangazo ya darsa, tuwaulize. Watakubali, kwa sababu wameulizwa.

Na wewe mwenyewe, fanya hivi wiki hii:

Chagua mtumaji mmoja tu. Usianze na arobaini, utachoka. Chagua yule anayekukera zaidi.

Usimfute. Piga picha ya skrini, ioneshe jina lake, tarehe na saa. Ushahidi ukifutwa, umemsaidia yeye.

Mwandikie maneno machache: "Sikuwapa ridhaa. Niambieni data yangu mliipata wapi, muifute, na msinitumie tena." Sheria inakupa haki ya kujua, ya kupinga na ya kudai data ya uongo au iliyochukuliwa kinyume cha sheria ifutwe. Akiwa ni kampuni unayoijua, tumia pia kile kiungo chake cha kujitoa. Lakini akiwa ni tapeli asiyejulikana, wa urithi na bahati nasibu za ng'ambo, usibonyeze chochote. Kubonyeza kunamthibitishia kwamba anwani yako iko hai. Huyo mripoti kama barua taka na umfungie.

Akiendelea, lalamika ODPC. Unaweza kufanya hivyo kupitia tovuti yao, au uende ofisini kwao Britam Tower, Upper Hill. Sheria inaruhusu hata malalamiko ya mdomo; wao ndio watakaoyaandika. Kwa hiyo usiniambie mama hajui Kiingereza cha fomu. Na malalamiko yanatakiwa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Andika tarehe uliyopeleka, uhesabu.

Ukiona kazi ni kubwa, tafuta wenzako. Watano waliotumiwa na kampuni moja, malalamiko matano, mezani pamoja. Mtu mmoja anaweza kupuuzwa. Watano wenye tarehe na picha za skrini ni habari nyingine.

Na kwenye kile kitabu cha soja, uliza: "Namba ya simu ni ya nini?" Uliza kwa heshima, yeye ametumwa tu. Mara nyingi hana jibu, na swali litapanda ghorofani kwa waliomtuma.

Yule kijana wa Jericho? Bado anatafuta kazi. Lakini alichagua mtumaji mmoja, ile kampuni ya kamari, akawaandikia. Hawakujibu. Akapiga picha zake za skrini, akapeleka malalamiko. Sijui yataishaje, na sikuahidi utashinda. Ninachojua ni kwamba siku ile aliponionyesha namba ya malalamiko yake, uso wake haukuwa ule wa Ijumaa ile nje ya msikiti. Alikuwa mtu mwenye nyumba, amesimama mlangoni kwake, anauliza: "Wewe ni nani, na nani alikukaribisha?"

Uliza na wewe. Ukishapeleka malalamiko yako, mfundishe mmoja: mdogo wako, mama, jirani wa ploti. Haki ya mtaa huanza na mlango mmoja kufungwa vizuri.

Wabillahi tawfiq.